Taa Iliyotazama Mlango

10 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yameacha kulalamika. Mimi mzima, ila mikono inanuka grisi hata nikioga.

Mzigo aliokuletea dereva wa maziwa si bomu, ni taa ya sebuleni. Ilikuwa taa ya mbele ya gari la zamani, kioo kizito cha duara. Nimeitia balbu ya nyumbani na mguu wa bomba. Ukingoni kioo kilikuwa na pengo, nikaliziba kwa kipande cha chupa ya kijani. Niliikuta darini kwenye stoo ya gereji, nyuma ya makopo, imeviringishiwa gunia. Tajiri wetu hakuwepo nimwombe, lakini mtu aliyenipa kazi wiki ile ile tuliyomzika baba, bila hata kuuliza cheti, hawezi kuninunia kwa taa mbovu.

Mwanao.

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, mimi siyasikilizi. Taa nimeiwasha. Jirani alipoingia akauliza gari limepitaje mlangoni. Nikacheka mpaka nikakaa.

Kisha nikaacha kucheka. Unakikumbuka kipande cha kioo nilichookota barabarani pale alipolala baba yako, gari lililomgonga likiwa limeshakimbia? Polisi walikikataa, nikakiweka kwenye kopo la vifungo. Leo nikifuta vumbi, kile chako cha kijani kikabanduka. Nikajaribu changu. Mwanangu, kimeingia kama jino kwenye fizi. Hata mistari ya kioo imeungana.

Usimuulize tajiri wako kitu. Usibadilishe hata unavyomsalimia. Barua hii ichome.

Shangazi yako.

17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, nasema hivyo kwa mazoea tu.

Nilitaka kukuandikia kwamba vioo vya magari hufanana. Lakini leo tajiri amepanda darini mwenyewe, na kitambi chake chote. Aliposhuka hakumgombeza mtu. Angegomba, ningepumua. Akaja kusimama nyuma yangu nikikaza nyaya.

"Binti, siku hizi unatengeneza mataa ya urembo, eh?"

"Vijikazi tu, tajiri."

"Shangazi yako ameipenda?"

Pale gereji sijamwambia mtu yeyote taa ilikokwenda. Bisibisi ikanidondoka. Akaniokotea, akanipa kwa mikono miwili. "Jumamosi nitakwenda kumsalimia."

Simu ya gereji iko mezani kwake. Nalala chumba cha nyuma, na ufunguo wa geti anao yeye. Nifanye nini?

Mwanao.

Jumamosi, 20 Machi

Mwanangu,

Magoti tuyaache leo. Amekuja, na sukari kilo mbili.

Wingu la mvua lilikuwa limetia sebule giza. Taa nilikuwa nimeielekeza mlangoni. Alipoingia tu nikabonyeza swichi. Akajikinga macho kwa kiganja, akarudi nyuma, akasema kwa sauti ndogo: "Na yeye aliinua mkono hivi hivi."

Akaitazama taa, kipande kikiwa mahali pake.

"Binti anajua?"

"Hajui chochote."

Akatabasamu. "Mwaka mzima nakula naye meza moja, shangazi. Akiogopa, namjua."

Chai hakuigusa. Gari lake limeelekea huko gereji kwenu.

Mimi naenda kituo cha polisi, taa kwapani. Barua nampa dereva wa maziwa, naye huendesha kama amebeba mayai. Sijui nani atatangulia kufika. Ukiipata, usiimalize kusoma. Geti likiwa wazi, toka.

Shangazi yako.