Neno lililotoka zizini

Bariadi, Jumapili

Baba kanishinda tena, na siwezi hata kumkasirikia.

Nilikwenda Mwandoya kumwomba auze ng'ombe, pesa tuweke benki, aje tukae wote hapa mjini. Magoti yake yamechoka, na tangu mama afariki analala peke yake kule. Naogopa.

Mimi mwalimu wa Kiingereza, nikajaribu ujanja wa darasani. Nikamwambia Wazungu wana neno "pecuniary", yaani la mambo ya pesa, na limetokana na neno la Warumi wa kale la mifugo. Kwao pia mali ilikuwa ng'ombe, baadaye wakahamia kwenye pesa.

"Kumbe walikuwa Wasukuma!" Alicheka mpaka machozi. Akanishika mkono hadi zizini, akanitajia asili ya kila ng'ombe: huyu wa mahari ya dada yako, huyu mama yako alimnunua kwa pamba yake.

Kisha akauliza, "Na hao Warumi, ng'ombe wao wako wapi?"

Nikasema hawapo, limebaki neno.

Akawa anampapasa yule wa mama. "Sasa ng'wanone, mwanangu, unataka na mimi nibaki na neno?"