Farasi Mwenye Macho ya Punda

Mume wangu mdogo Bakari,

Shikamoo yako imenifikia hapa Magogoni, marahaba. Mama yako mzima, anakusalimu. Goti langu lina ukaidi wake, tuliache.

Waniuliza utachoraje farasi nawe hujapata kumgusa, ilhali wenzako darasani waiga farasi wa wachoraji wa kale, wenye wafalme migongoni. Babu yako naye hakupata kumgusa. Alikuwa kijana fundi wa rangi, posa yake iko kwetu yangoja jibu langu, mjomba wangu alipomtaka achore farasi wa sultani ukutani mwa mkahawa wake, Bombolulu, nilikokuwa nikiandalia wateja chai. Shingo na manyoya aliyatoa kwenye picha ya kalenda. Macho yakamshinda, akaenda kushinda na punda wa Mzee Charo, muuza maji, akimtazama.

Farasi alipokwisha, wateja walicheka hadi chai ikawapalia.

"Wallahi, huyu ni punda kavishwa ufalme!"

Mjomba akaagiza chokaa, ukuta upakwe upya.

Chokaa haijakorogwa, Mzee Charo akaingia. Punda wake alikuwa amekufa juma lile. Akautazama ukuta, akavua kofia, akavuta kiti karibu na yale macho.

"Nipe chai, mwanangu," akaniambia. "Nikae naye kidogo."

Hakuna aliyecheka tena. Mjomba akairudisha ndoo ya chokaa uani. Nami jioni ile nikamwambia mama kwamba posa nimeikubali.

Bibi yako akupendaye