Kwa Kaka Aliyenifuta kwenye Orodha

Kaka yangu wa tumbo moja,

Sikuulizi habari za huko Hombo ulikohamia. Nimesikia biashara yako ya mawese inakwenda vizuri na umenenepa. Mimi na mama bado tuko kambini Lushebere, katika kile kibanda cha turubai, na nakuandikia nikiwa na hasira ambayo sijaimaliza tangu msimu uliopita wa maharagwe.

Siku tuliyokimbia vita kijijini kwetu Nyabiondo ulinibeba mgongoni mteremko mzima, kwa sababu miguu yangu haijawahi kunibeba vizuri. Uliteleza mara mbili, na mara zote mbili ukaanguka kifudifudi ili nisiumie. "Shika shingo yangu, usiangalie nyuma," ulisema. Tulipofika ulinichongea magongo ya mkaratusi. Nilikupenda sana, ndiyo maana hili linauma hivi.

Unakumbuka nilivyoanza kujitolea bombani? Kila asubuhi nilikaa pale na jile langu, kile kizibao cha rangi ya machungwa, nikiwahimiza akina mama wasugue bidoni zao za maji kabla ya kuchota. Hakuna aliyenilipa. Wewe mwenyewe ulinicheka: "Dada, unatumika bure na uko na furaha kama muntu wa biro mwenye mushahara!" Nilikuwa na furaha kweli. Kwa mara ya kwanza watu waliniita kwa jina langu, si kwa miguu yangu.

Kisha wakaja wageni wa shirika la misaada kuhakiki orodha ya walemavu wanaopewa unga, maharagwe na mafuta. Wewe ulikuwa katibu wa safu yetu ya vibanda. Hapa kwetu kila mwenye jile hudhaniwa ana mshahara, nawe ukaona upenyo.

"Huyu iko na kazi," uliwaambia. "Hamuone jile? Wanamulipaka."

Wakanifuta. Nafasi yangu akapewa mama mkwe wako, mwenye miguu mizima, anayepanda mlima kulima kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki ileile ukaondoka, mimi na mama tukabaki na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta. Nikaacha hata bomba, nikidhani wakiniona nimekaa bure watanirudisha. Nilikosa unga, nikakosa na wale akina mama.

Sasa wageni wamerudi. Alhamisi, katika uwanja wa kanisa, kila aliyefutwa atasimama aeleze mbele ya watu. Mama wa shirika anayeandika malalamiko amenishauri niseme tu kwamba yalitokea makosa. Hilo linatosha jina langu kurudi. Nimemjibu kwamba hayakuwa makosa. Kujitolea hakumwondoi mtu kwenye orodha. Uongo wako ndio ulioniondoa.

Kwa hiyo nitakutaja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, basi nitakuchapia hapahapa, mkeo uliyemwacha anapoteka maji na Wakristo wanapokuita shemasi hadi leo. Nataka uone haya. Nataka ushindwe kurudi Lushebere hata kwa mazishi. Mungu ananisikia, na sitamwomba radhi.

Jana mama alilia. "Mutoto wangu, sema yako, lakini usimutaje. Iko damu yako."

Nimemwambia Alhamisi awahi, akae mstari wa mbele, asikie vizuri.

Salama sikutakii.

Dada yako