Aliyoniambia Mama Naomi

Jumatatu, 2 Machi 1953
Kupasua kuni tangu asubuhi, kisha darasa. Mvua juu ya mabati, direkta wa shule yetu ya wachungaji anapaza sauti. Somo: kuwatembelea wenye huzuni. Mzungu huyu anafundisha vizuri, nikubali. Amesema mchungaji anasikiliza kuliko kusema, na neno la mwenye huzuni halitoki nje ya nyumba yake. Nimeliandika katika kaye yangu, daftari la darasani, na kulipigia mstari. Bado miezi mitatu nipate cheti. Hakuna mchungaji aliyewahi kutoka kilima chetu.

Jumatano, 4 Machi
Kila mwanafunzi amepewa kilima cha kutembelea. Mimi, ng'ambo ya mto. Nyumba ya tatu ni ya Mama Naomi. Binti yake mdogo alikufa kwa homa majuma mawili yaliyopita. Tangu mazishi haji kanisani. Wenzake wanasema amemkasirikia Mungu.
Nilimkuta anatoa maharagi kwenye maganda. Nikakaa, nikatoa na mimi. Sikufungua Biblia. Tuliendelea mpaka kikapu kikajaa nusu. Kisha akasema mwenyewe. Mume wake, Papa Elia, hayuko kazini Walikale kama watu wanavyodhani. Mtoto alipougua, Elia aliomba ruhusa kule mugodini. Wakamnyima. Akatoroka, akatembea msituni siku sita, akakuta kaburi. Sasa amejificha juu, kwenye mianzi.
Aliniuliza kama naweza kunyamaza. Nikasema ndiyo. Sikufikiri hata kidogo.

Jumamosi, 7 Machi
Nimepanda kwa Elia. Mtu mkubwa, amekonda. Mgongoni ana makovu ya fimbo ya mugodini. Hakutaka maombi kwanza. Alitaka kujua nani alichimba kaburi, na kama mtoto aliimbiwa. Nilikuwapo siku ile, nikamweleza yote, mpaka maneno ya wimbo. Akalia. Nikalia naye. Direkta anasema mchungaji asilie. Hapo amekosea.

Jumanne, 10 Machi
Polisi wawili wamefika, na kapita, msimamizi wa mugodi, pamoja nao. Wanamtafuta Elia. Waliingia kwa Mama Naomi, wakamwaga unga wake chini, wakarudi mikono mitupu.
Saa nane direkta akaniita biro, ofisini kwake. Anajua ni mimi ninayekwenda kilima kile. Anataka ripoti kwa maandishi: nilimwona nani, alisema nini. Zamani ripoti zetu zilikuwa za wagonjwa tu. Nikauliza hii inakwenda kwa nani. Akasema hilo si shauri langu.
Ni shauri langu.
Amenipa mpaka Ijumaa.

Jumatano, 11 Machi
Danieli, tunayekaa naye benchi moja, amenivuta kando. Eti Elia atakamatwa tu, niseme ao nisiseme, na mimi nitakuwa nimetupa cheti bure. Nilimjibu vibaya. Nimemkasirikia kwa sababu nilikuwa nimeshafikiri vilevile. Naogopa. Sijala leo.
Nimemweleza Esta, mke wangu, anachotaka direkta, tukiwa shambani. Alilima mstari wake mpaka mwisho, akanyoosha mgongo, akasema nikimtoa yule baba, yeye anarudi kwa mama yake.
Kumbe nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo.

Ijumaa, 13 Machi
Nimepeleka ripoti. Mistari miwili: nilimtembelea Mama Naomi, aliyefiwa na mtoto. Tulikaa pamoja.
Direkta aligeuza karatasi kutafuta mengine nyuma. Akauliza yako wapi. Nikasema:
"Ingine iko ya ule mama. Haiko yangu, siwezi kuitoa."
Akasema nina kiburi. Akasema shule hii inasimama kwa ruhusa ya serikali, na mimi mmoja naweza kuiangusha. Labda ni kweli. Aliinuka kufunga mlango, nikaona naye anaogopa. Nikamwambia:
"Bwana, wewe ndio ulitufundisha. Niko nayo mu kaye. Nipasue ile ukurasa?"
Alikunja ripoti yangu, akaitia mfukoni. Nilidhani ameshindwa. Kisha akaniambia nirudishe vitabu vya shule na kutoka nyumba yetu ya shuleni Jumatatu.
Nimerudisha vitabu jioni ileile. Lakini sikusema.

Jumapili, 15 Machi
Jina langu limesomwa kanisani: mwanafunzi asiyetii, ameondolewa. Tena Wakristo wamekatazwa kunikaribisha kuomba majumbani mwao. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nimesimama. Nilisimama mpaka direkta akamaliza kusoma, wote wanione vizuri. Papa Ndoole, mzee wa kanisa wa kilima chetu, alikuwa benchi la mbele, anatazama kofia yake. Danieli alilia. Mimi hapana.

Alhamisi, 26 Machi
Nyumbani. Baba haniulizi kitu, anaona haya mbele ya jirani. Nalima. Nina hasira kila siku nikiamka. Nilikuwa wa pili darasani.
Leo shemeji ya Mama Naomi amepita na habari. Elia na mke wake wamefika Uganda salama. Hawakukamatwa. Nimemwomba aniambie mara mbili.
Wangemkamata, bado nisingesema. Nataka hilo liandikwe hapa.

Jumamosi, 18 Aprili
Mvua ndogo. Papa Ndoole amekuja mpaka shambani, mzee wa kanisa mwenyewe, njia ya wazi, mchana. Mke wake hali chakula tangu wamzike mwana wao mkubwa. Anataka niende. Nikamkumbusha katazo. Nikamwambia sina cheti.
"Sikuuliza cheti," akasema. "Nauliza kama utakuja."
Nimenawa mikono, nimekwenda. Yule mama alikuwa amelala akitazama ukuta. Nikakaa karibu naye. Akaanza kusema habari za mwanawe saa kumi hivi, kidogo kidogo, akirudia. Sitayaandika.
Kabla sijaondoka amekula viazi viwili.