Wali mbele ya baba mkwe

Kanae, nimejifungia chooni huku Hiroshima. Nimeharibu!!

Si nilikwambia Takuma ananileta kwa wazazi wake? Nikamuuliza tutakula wapi, akasema kuna mahali patamu mno. Kumbe ni mgahawa wa baba yake! Mzee mwenyewe yuko kwenye bamba la moto, ananipikia chapati ya kabichi na tambi, tabaka juu ya tabaka.

Mdomo wangu huu wa Osaka, uliozoea kula chapati hiyo na wali, ukaropoka, "Baba, naomba na wali kidogo pembeni."

WALI, Kanae. Wali!

Mwiko ukaganda hewani. "Wali? Na hii? Tambi zimo ndani tayari! Binti, hapa si Osaka." Takuma naye kainamia sahani kama hanijui!

Nimekwisha. Posa ndiyo hiyo imeota mbawa.

Subiri, mtu anagonga.

Kanae!! Ni mama yake. Kanivuta mpaka jikoni, kafunga mlango, kafunua bakuli la wali wa moto. Ananong'ona: "Kula upesi, mwanangu. Mimi pia wa Osaka. Tangu niolewe nakula wangu hapa nyuma ya friji, na mzee hajui. Sogea, leo nimepata mwenzangu."