Mgongo wa Mama Ukutani

Heru Juu, 2 Juni 2024

Mwanangu Yusta,

Hujambo huko Kibondo? Miguu inasemaje na baridi hii? Sisi wazima. Maharage yangu mwaka huu hayana mfano, watu wanakuja kuyatazama.

Naandika kwa sababu simu ni ya kuazima kwa jirani Zena, na Zena ana masikio. Konda Badru, huyu anayekuletea barua, kaniambia ninyi walemavu mmechora ukuta wa sokoni, kila mtu maisha yake. Nikatangaza kanisani! Baadaye ndipo akasema na mimi nimo. Mgongo tu. Uso hakuna, mtoto hakuna, mwanamke anakwenda zake. Si watasema nilikuacha njiani?

Nani kakufundisha hivyo? Huyo Mansuri, mkuu wa kikundi chenu? Mtoto aliyetupwa huonewa huruma zaidi na wenye kamera, najua. Na una hakika mguu wake mbovu kweli? Futa kabla wageni hawajaja Jumamosi kuuzindua huo ukuta.

Mama yako

Kibondo, 4 Juni

Shikamoo mama,

Miguu ni ileile, mikono ndiyo imechoka kwa rangi. Baba kifua kimepoa?

Kaka Mansuri alipata polio akiwa mdogo, mwache. Alisema tu tuchore tulichokiona wenyewe. Wewe ulinibeba mgongoni kwenda shule mpaka darasa la nne. Njia nzima niliona nini? Shingo yako, fundo la kitenge, jasho. Mimi sipo pichani kwa sababu ndimi ninayetazama. Uso wako niliuona tukishafika.

Hakuna picha niliyoipenda kama hiyo. Ila ukisema nifute, Ijumaa nafuta.

Mwanao Yusta

Heru Juu, 5 Juni

Yusta wangu,

Baba anakohoa kidogo, anakula vizuri.

Mansuri bado simwamini, nitamtazama akitembea. Na darasa la nne umenipunja, ni la tano, wewe ulikuwa unasinzia. Tena Badru anasema shingo umeichora fupi. Mimi nina shingo fupi?

Usifute. Jumamosi nakuja na kitenge cha Pasaka. Nitasimama kando ya picha, nimewageuzia mgongo wageni wote, hata anayehutubia, wafananishe. Wewe weka kiti chako cha magurudumu nyuma yangu, karibu kabisa, wajue aliyekuwa anatazama ni nani.

Mama yako