Vyumba Sita na Mishale ya Wanja

Somo yangu,

Nilikupoteza siku tisini na sita zilizopita, Jumatatu, jua likiwa halijafika utosini. Nilimpoteza mwenzangu wa safari, mtu niliyelala naye chumba kimoja mara mia mbili na kumi na nne, katika hoteli thelathini na moja. Nilizihesabu palepale matangani, wenzangu wakihesabu tasbihi. Mungu anisamehe.

Sote wawili Mwanaisha, ndiyo maana hatukuwahi kuitana ila somo. Lakini matangani hilo halikunisaidia. Mama mmoja aliuliza, "Na huyu naye ni nani?" Akajibiwa, "Huyu ndiye aliyekuwa akimbebea mizigo." Miaka kumi na moja ya kununua vifaa vya harusi pamoja, Mombasa, Mogadishu, Dubai, mwisho wake nikatoka mchukuzi! Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini, kwa sababu wajua begi zito siku zote lilikuwa lako, na wajua lilikuwa na nini.

Lile kopo la kijani! Tunaingia hoteli ya nyota nne, choo kinang'aa kama sahani ya bibi harusi, maji ya kujisafishia hakuna, pana karatasi tu. Nawe unalitoa kopo lako begini taratibu, kama mtu anayetoa hati ya nyumba, unaniambia, "Nyota ya tano hii hapa."

Mimi leo nacheka peke yangu. Si kitu chema, kucheka peke yako.

Ile hoteli ya Mombasa yenye lifti, unaikumbuka? Kitandani mito saba. Vichwa viwili, mito saba. Niligawa, hesabu ikakataa. Ukasema, "Labda wenzetu watano wako njiani." Kisha ukavuta pumzi, ukakunja uso. "Somo, hapa alilala mchu!" Kana kwamba hoteli hujengwa walale mbuzi, si watu. Kwetu chumba hakilaliwi mpaka kifukizwe, nawe ulisafiri na chetezo chako, makaa yako na ubani wako. Dirisha lilikuwa la kioo kisichofunguka. Sikukukataza. Nami nilikuwa nautaka huo ubani, leo nakiri.

Moshi ulipokifikia kile kidude cha darini, kengele ililia jengo zima. Lifti ikajifunga. Tulishuka ngazi themanini na nane pamoja na wageni wote, na huko nje alikuwepo bwana mmoja mwenye povu la sabuni kichwani na taulo kiunoni. Na wewe katikati yao, chetezo mkononi kinafuka, unauliza kwa huruma, "Moto uko wapi, jamani?" Meneja alikitazama chetezo, akakutazama wewe. "Mama," akasema, "moto unao wewe."

Asubuhi yake ulifungua pazia, ukalitazama jua, ukautazama mshale wa kibla waliobandika darini. Mshale ulielekea kabatini. Binti wa nahodha wa kisiwa cha Fuma hadanganywi na karatasi ya gundi: ukiwa Mombasa, jua la asubuhi mkono wa kulia, mbele ndiko kibla. Tulikuwa tumeshasali sala tatu tukiliangalia kabati. Ukaipanga mito yote saba, ukapanda juu yake, mimi nakushika miguu, ukachora mshale mpya kwa wanja wako wa macho. Hapo ndipo tulipojua mito ile ilikuwa ya kazi gani.

Tangu siku hiyo hukulala hotelini bila kukagua. Mishale kumi na miwili tuliikuta imekosea, yote ukaisahihisha. Iko huko bado, naamini. Watu wasiokujua wanaufuata mkono wako mara tano kwa siku.

Na juu ya ile mito ndipo uliposema, "Somo, tufungue hoteli yetu. Maji chooni, dirisha linalofunguka, mito miwili, basi." Mimi niliyeanza maisha kwa kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni ya watu nilikuambia kila kitanda kinataka mashuka matatu: moja kitandani, moja kambani, moja kabatini. Ukacheka, ukasema nimeshaajiriwa.

Sasa nikupe habari. Nyumba ya baba yenu hapa Kismayu, vyumba vyake sita, haijafunguliwa. Vile viwili tulivyovimaliza pamoja vipo, vitanda vimetandikwa, mishale yako darini. Cha tatu sijakipaka rangi, maana uliniambia kutoka kitanda cha hospitali, "Usikipake kabla sijakiona." Nimesubiri. Sasa nimeelewa kwamba nasubiri bure, na nimekukasirikia kwa hilo, somo, na hasira yenyewe sijui niipeleke wapi.

Ufunguo anao kaka yako Athman, maana nusu ya nyumba ni yake. Kuna mfanyabiashara anaitaka iwe ghala la saruji. Nimemuuliza kaka yako mara nne: barazani, kwa simu, kupitia kwa mkewe, na mara moja niliikimbiza bajaji yake mpaka karibu na bandari. Mara zote nne jibu moja: "Tutaona, dada."

Juma lililopita walikuja watu wa Fuma na mama yao mgonjwa, wamemleta kwa daktari. Walilala tisa kwenye ukumbi wa jamaa wa jamaa, mikeka miwili, mgonjwa amewekwa karibu na mlango apate hewa. Hatua mia mbili kutoka pale, vitanda vyetu viko wazi na mlango una kufuli. Nilizipima hatua hizo kwa miguu yangu.

Kwa hiyo nakuahidi. Cha tatu nitakipaka rangi, na cha nne, na cha tano, na cha sita. Mishale minne iliyobaki nitaichora mwenyewe kwa wanja wako, jua la asubuhi mkono wa kulia. Mifuko ya saruji haina haja ya kibla. Kwaheri, somo. Lala palipo na hewa.

Barua hii naitia ndani ya begi lako, juu ya lile kopo, na begi namkabidhi kaka yako leo. Namjua, hawezi kuona kitu kimefungwa asikifungue.

Basi, kaka Athman, kwa kuwa umefika hapa: Alhamisi hii, kabla ya adhana ya Alasiri, nitakuwa mlangoni pa nyumba ile na ndoo ya rangi. Njoo na ufunguo, uniambie neno moja, wageni au saruji. "Tutaona" sitaihesabu.

Mwanaisha, yule mbeba mizigo